Tarehe Ndiyo Inayoua Akses Pointi ya Zamani

Ndugu Mwenyekiti, wakuu wa vitengo vya TEHAMA, na ninyi mafundi wenzangu, ambao najua baadhi yenu mmekuja hapa moja kwa moja kutoka zamu ya usiku: habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumzie kusasisha fimwea, yaani programu inayokaa ndani ya kifaa chenyewe, kwenye akses pointi za zamani, vile vifaa vya kurusha Wi-Fi vya maofisini vinavyofungwa darini na kusimamiwa na kontrola, mtambo au programu inayoviongoza vyote kwa pamoja. Naanza na msimamo wangu, ili atakayelazimika kuondoka mapema aondoke nao. Akses pointi nyingi tunazoziandikia kuwa mbovu si mbovu. Redio zake zinafanya kazi, antena zipo, bodi haijaungua. Kinachozizima ni tarehe: cheti, yaani hati ya kidijitali inayothibitisha uhalali wa kifaa au wa fimwea, kimeisha muda wake, saa haiko sawa, au faili la fimwea limeondolewa kwenye tovuti ya mtengenezaji na sisi hatukuweka nakala. Mambo haya yote yanajulikana mapema, na karibu yote yana dawa kwa fundi aliyejiandaa.

Nitazungumzia zaidi Aironet za Cisco, kwa sababu ndizo ninazozikuta mara nyingi kwenye hospitali, vyuo na hoteli: modeli za 1140, 2600, 2700, 3700. Nyingine zilinunuliwa mpya, nyingine zimeingia kama mtumba baada ya kushushwa kwenye ofisi za Ulaya au za Ghuba. Wenye Ruckus, Aruba na Ubiquiti wasione wametengwa. Amri zinatofautiana, lakini mantiki ni ileile.

Tuchukue tarehe moja: 4 Desemba 2022. Siku hiyo kiliisha muda cheti kilichotumika kutia saini fimwea za akses pointi za Cisco zinazotumia mfumo wa Cisco yenyewe uitwao IOS, zikiwemo 1700, 2700 na 3700. Zile zilizokuwa tayari darini hazikuhisi chochote. Watu waliendelea na kazi, na kontrola ikaonyesha kila kitu ni salama. Tatizo lilikaa kimya likisubiri siku fundi atakapopandisha toleo la kontrola, au atakapotoa akses pointi ya akiba stoo na kuichomeka, au atakapohamishia vifaa kwenye kontrola nyingine yenye toleo tofauti. Siku hiyo akses pointi inapakua fimwea mpya, inakagua saini, inatazama saa, inaona cheti kimekwisha, inaitupa fimwea yote na kuanza kupakua upya. Inarudia hivyo usiku kucha. Kwenye skrini ya kontrola utasoma kwamba inapakua, na ukirudi asubuhi utakuta bado inapakua.

Sasa tazameni kinachofuata pale ambapo fundi hana habari hii. Anabadilisha kebo. Anahamisha bandari ya swichi. Anabadilisha swichi yenyewe. Mwisho anaandika kwamba kifaa kimekufa na anaomba bajeti ya kipya. Nimewahi kuonyeshwa stoo ya taasisi moja ambako akses pointi zilikuwa zimepangwa sakafuni zikisubiri kutangazwa kuwa chakavu, na maradhi yake yalikuwa haya tu. Iliniuma, kwa sababu fedha iliyokuwa inaombwa kununua mbadala ingetosha kununua vitu ambavyo taasisi ile ilivihitaji kweli.

Dawa iliyotolewa na mtengenezaji mwenyewe ni kurudisha saa nyuma. Unazima NTP, huduma inayorekebisha saa kupitia mtandao, kwenye kontrola, unaweka kwa mkono tarehe iliyo kabla ya 4 Desemba 2022, unaziacha akses pointi zijiunge, zipakue, ziwake na toleo jipya lenye marekebisho, halafu unarudisha saa sahihi pamoja na NTP. Huhitaji kuigusa akses pointi moja moja, kwa kuwa inapojiunga huchukua saa kutoka kwa kontrola. Lakini usirudi nyuma kupita kiasi. Kila akses pointi ina cheti chake cha kiwandani, na cheti hicho nacho kina siku ya kuanza. Ukiweka mwaka 2010 kwa kifaa kilichotengenezwa 2015, cheti chake kitasomeka kama ambacho hakijaanza kutumika na kifaa kitakataliwa kwa sababu nyingine kabisa. Mimi hupendelea tarehe ya katikati ya mwaka 2022. Kama kontrola yako ni ile ya programu inayokaa ndani ya seva, angalia pia cheti chake kilitengenezwa lini, maana unaweza kukipita bila kujua. Na kwa kuwa kumbukumbu za matukio za usiku huo zitakuwa na tarehe zisizo za kweli, andika kwenye daftari la kazi ulianza saa ngapi na ulimaliza saa ngapi. Mkaguzi atakapouliza miezi sita baadaye, jibu liwe limeshaandikwa.

Hicho cheti cha kiwandani nacho kina mwisho wake. Kwenye vifaa hivi kwa kawaida kinaishi miaka 10. Vilivyotoka kiwandani mwaka 2005 vilianza kukataliwa na kontrola mwaka 2015, na tangu hapo kila mwaka unaondoka na kundi lake. Akses pointi iliyotengenezwa 2014 muda wake umeshapita. Hapa huna haja ya kucheza na saa. Kwenye kontrola za AireOS, mfumo wa kontrola za zamani za Cisco, kuna amri ya kuiambia ipuuze kuisha kwa cheti hicho:

config ap cert-expiry-ignore mic enable

Naomba muiandike leo, kabla ya shida. Akses pointi iliyokwisha kuunganishwa haikatiki saa cheti kinapofika mwisho. Inakataliwa pale inapojaribu kujiunga upya, na mara nyingi kinachoilazimisha kujiunga upya ni umeme kukatika. Ndiyo maana utasikia fundi akisema kwa uhakika kabisa kwamba umeme uliporudi uliziunguza akses pointi za ghorofa nzima. Kabla hujaamini hivyo, soma tarehe ya kutengenezwa kwenye namba ya kifaa na usome ujumbe wa kontrola.

Kuna pia suala la ngazi za matoleo, na hapa wakuu wa vitengo naomba mnisikilize, kwa sababu uamuzi huu ni wenu zaidi kuliko wa fundi. Akses pointi ya zamani haiendi na kontrola popote inapokwenda. 1140 safari yake inaishia AireOS 8.3. 2600 na 3600 zinaishia 8.5. 2700 na 3700 zinafika 8.10, ambalo ndilo toleo la mwisho la AireOS. Kwenye kontrola za 9800, kizazi cha Cisco kilichofuata, hizi 2700 na 3700 ziliondolewa kuanzia toleo 17.4, kisha zikarudishwa kwenye 17.9.3 baada ya wateja wengi kubaki njia panda. Sasa chukua jengo lenye mchanganyiko: 1140 kwenye wodi za zamani, 2700 kwenye jengo jipya, kontrola moja. Ukipandisha kontrola hadi 8.10 ili 2700 zipate viraka vya usalama, 1140 zote zitaanguka na hazitarudi. Nani alipima hilo kabla? Maelezo ya toleo yanaorodhesha kila kifaa kinachokubalika. Yachapishwe, yawekwe kwenye faili la kazi, yasainiwe na mtu aliyeyasoma.

Tuje kwenye umbali, jambo ambalo wenzetu wa makao makuu hulisahau kwa sababu wao wako karibu na seva. Akses pointi nyingi za zamani hupokea fimwea kwa TFTP, njia ya kizamani ya kuhamisha mafaili mtandaoni. Itifaki hii hutuma kipande cha baiti 512, inasubiri jibu kwamba kimefika, ndipo inatuma kingine. Haitumi viwili kwa pamoja. Faili la MB 10 lina vipande 20,480. Kwenye mtandao wa ndani, ambako kwenda na kurudi ni kama milisekunde 1, kazi inaisha kwa sekunde 20 hivi. Peleka faili hilohilo kwenye kituo cha afya kilichounganishwa kwa setilaiti ya mbali, ambako kwenda na kurudi ni kama milisekunde 600: utasubiri zaidi ya saa 3 na dakika 20. Hata ukilipia kasi mara kumi zaidi, hakitabadilika kitu, kwa sababu kinachochelewesha ni kusubiri majibu. Na njia yenyewe ikikatika dakika ya mwisho, unaanza upya.

Kwa hiyo seva ya TFTP iwe upande wa akses pointi. Peleka faili kituoni kwa njia nyingine yoyote, hata kwa flashi mfukoni mwa mtu anayesafiri, uliweke kwenye kompyuta iliyopo pale, ndipo akses pointi zichukue humo. Kama unatumia kontrola ya makao makuu na matawi yako yamewekwa katika FlexConnect, mpangilio wa Cisco wa akses pointi za matawini zinazosimamiwa kutoka mbali, kuna mpango wa kusasisha ambapo akses pointi moja ya kila aina hupakua fimwea kupitia njia ndefu na zilizobaki huchukua kutoka kwake hapohapo tawini. Watu wengi wanao mpango huu na hawajawahi kuuwasha. Kuna pia kupakua mapema: akses pointi zinavuta fimwea mpya mchana huku zikiendelea kuhudumia watu, usiku zinawashwa upya tu. Kama unatumia seva ya TFTP ya zamani kwa mafaili makubwa, kumbuka kwamba hesabu ya vipande huishia 65,535, sawa na takribani MB 32. Faili likizidi hapo, seva nyingi za kizamani hukata bila kueleza sababu.

Umeme. Akses pointi inapoandika fimwea kwenye kumbukumbu yake ndipo inapokuwa dhaifu kuliko wakati wowote. Tuna tabia ya kuweka UPS kwenye seva na kuisahau swichi ya PoE, wakati ndiyo inayoilisha akses pointi umeme kupitia kebo ya mtandao. Kabla ya kuanza, hakikisha swichi iko kwenye UPS na betri ya UPS hiyo inashika chaji kweli. Usianze kazi hii siku ambayo umetangaziwa matengenezo ya laini mtaani kwako.

Na kama umeme umekatika katikati, usikimbilie kukitupa kifaa. Mafundi simu wana neno letu sote tunalolijua, kuflashi, na akses pointi nayo huflashiwa. Aironet zina programu ndogo ya kuwashia ambayo haiguswi na usasishaji wa kawaida, na kitufe cha MODE ndiyo njia ya kuifikia. Kwa 1140 unafanya hivi. Kompyuta yako unaipa anwani kati ya 10.0.0.2 na 10.0.0.30. Unawasha seva ya TFTP, ndani yake unaweka faili la fimwea ya kujitegemea, yaani isiyohitaji kontrola, ukiwa umelibadilisha jina liwe c1140-k9w7-tar.default. Unaunganisha akses pointi na kompyuta kupitia swichi ndogo, unashikilia MODE huku unachomeka umeme, na unaendelea kuishikilia kama sekunde 20 hadi 30 mpaka taa igeuke nyekundu, ndipo unaachia. Kifaa kinajipa anwani 10.0.0.1, kinaomba faili lenye jina hilo, kinajiandika upya na kuwaka. Zima kwanza ukuta wa moto (firewall) wa kompyuta yako, la sivyo utakaa ukitazama seva isiyoombwa chochote. Uwe pia na waya wa konsoli, wa kuzungumza na kifaa moja kwa moja kutoka kwenye kompyuta, kasi 9600, kwa sababu taa inakueleza kidogo na konsoli inakueleza kila kitu.

Fimwea hiyo ya kujitegemea, yenye k9w7 kwenye jina lake, ina faida nyingine. Shule au zahanati yenye akses pointi mbili au tatu haihitaji kontrola kabisa. Ukizigeuza kuwa za kujitegemea, umeondokana na mzigo wa vyeti vya kujiunga na kontrola, na zinafanya kazi vizuri. Usiache mbachao kwa msala upitao.

Mtauliza, kama akses pointi inafanya kazi, kwa nini niihangaishe? Swali hili nimelisikia hata kutoka kwa watu ninaowaheshimu sana, nami nalijibu bila kusita: kwa sababu wagonjwa hawajui kwamba taarifa zao zinapita hapo. Oktoba 2017, Mathy Vanhoef wa chuo kikuu cha KU Leuven, Ubelgiji, alitangaza KRACK, udhaifu katika salamu za mwanzo za WPA2, mfumo wa kuficha mawasiliano ya Wi-Fi, unaomwezesha mtu aliye karibu kulazimisha ufunguo utumike tena na hivyo kusoma yaliyofichwa. Wengi walisema hilo ni tatizo la simu, na kwa sehemu kubwa ni kweli. Lakini akses pointi zenye uhamaji wa haraka wa 802.11r, unaoiwezesha simu kuhamia akses pointi nyingine bila kuchelewa, nazo zilikuwa na tundu lake na zilihitaji kiraka chake. Zaidi ya hapo, kuna mipangilio upande wa akses pointi, ya kuizuia isirudie kutuma ujumbe wa ufunguo, inayosaidia kuikinga hata simu ambayo haijawahi kupata kiraka. Simu za Android 6 zilikuwa miongoni mwa zilizoathirika vibaya zaidi. Fikirieni ni simu ngapi za namna hiyo zingali mikononi mwa watu wetu, zisizopata usasishaji wowote tena. Mwenye simu hiyo hana la kufanya. Fundi wa mtandao analo.

Mwaka 2021 Vanhoef huyohuyo alitangaza FragAttacks, mkusanyiko mwingine wa udhaifu wa Wi-Fi, na baadhi ya kasoro hizo zilitoka kwenye muundo wa Wi-Fi wenyewe tangu mwaka 1997. Februari 2023 Ruckus ilitoa kiraka cha tundu lililoruhusu mtu asiye na nywila kuendesha amri kwenye kifaa kwa ombi moja tu la wavuti. Miezi michache baadaye tundu hilo lilikuwa linatumiwa na kundi la virusi liitwalo AndoryuBot kuviteka vifaa na kuvifanya vishambulie wengine. Baadhi ya vifaa vilivyokuwa na tundu hilo vilishapita umri wa kuhudumiwa, na wenye navyo hawakupata kiraka.

Hapa Tanzania tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023. Majirani zetu Kenya wana yao ya mwaka 2019. Zote zinamdai anayetunza taarifa za watu azilinde. Akses pointi yenye fimwea ya 2016 katika chumba cha daktari ni sehemu ya jibu utakalotoa siku ukiulizwa.

Faili la fimwea utalipata wapi? Si kwenye kundi la WhatsApp, na si kwenye tovuti inayokulazimisha ubofye matangazo matano kwanza. Cisco, kwa tundu la usalama lililotangazwa rasmi, huwapa toleo lililorekebishwa hata wateja wasio na mkataba wa huduma, mradi uwasiliane na kituo chao cha msaada ukiwa na namba ya kifaa na tangazo husika. Wachache wanaoijua haki hii, wachache zaidi wanaoitumia. Ukilipata faili, linganisha alama yake ya SHA512, mfululizo mrefu wa herufi na namba unaobadilika faili likiguswa, na ile iliyo kwenye ukurasa wa mtengenezaji. Isipolingana, lifute.

Wanaonunua mtumba nawaomba mambo mawili. Msome herufi kwenye namba ya bidhaa: AIR-CAP2702I-E-K9 ni ya kundi la Ulaya, yenye A mahali pa E ni ya Amerika, na kontrola iliyowekewa nchi isiyolingana na herufi hiyo haitawasha redio. Na kabla hujanunua Meraki, akses pointi za Cisco zinazosimamiwa kupitia akaunti ya mtandaoni, mwambie muuzaji akuthibitishie kwamba imeondolewa kwenye akaunti ya mwenye nayo wa kwanza, na ukumbuke kwamba leseni utainunua mwenyewe. Kisha, kifaa chochote kilichotoka kwa mtu mwingine kifutwe mipangilio yote, kiwekewe fimwea upya, na nywila ya kiwandani ibadilishwe siku hiyohiyo.

Mwisho wa barabara upo, sitaki kuwadanganya. Huduma rasmi kwa 3700 ilikoma Aprili 2024. Baadhi ya akses pointi za umri huo, kama Aruba AP-105 na Meraki MR18, zinaweza kuwekewa OpenWrt, fimwea huria isiyo ya mtengenezaji, na kuendelea kupata viraka kutoka kwa jumuiya, ila soma ukurasa wa kifaa chako kwanza, kwa sababu njia ya kuingiza si moja. Zile zisizo na njia hiyo zisitumike tena mahali zinapopita taarifa za wagonjwa, mishahara au mitihani. Ziwekwe kwenye mtandao wa wageni uliotengwa kabisa, na mbadala wake uingie kwenye bajeti ya mwaka huu. Mkuu wa kitengo anayeomba fedha akiwa na orodha yenye aina ya kifaa, mwaka wa kutengenezwa, toleo la mwisho na siku huduma ilipokoma, hujibiwa tofauti na anayesema tu vifaa vimezeeka.

Ombi langu moja kwenu kabla hatujaenda kunywa chai. Kila taasisi iwe na folda moja, na nakala yake mahali pengine, yenye fimwea ya mwisho ya kila aina ya akses pointi iliyonayo, alama zake za SHA512 na maelezo ya toleo. Yapakueni wakati bado yapo. Hapa mezani nina 1140 moja, waya wa konsoli na kompyuta yenye seva ya TFTP. Anayetaka kushika kitufe cha MODE kwa mkono wake aje mbele wakati wa chai, na tutaanza na wale ambao hawajawahi.